Sauti Yangu na Kura za Nasiondo

Jumapili, 30 Julai 2017

Mgongo umekataa. Leo tumeshusha kontena zima la mazulia, mimi na Onesmo, jua linachoma hadi nyayo. Mudiri, meneja wetu, amekaa ndani ya gari na kiyoyozi chake, anateremsha kioo kidogo tu – yalla, yalla! – anakipandisha tena. Miaka minne nilibeba Riyadh. Mwezi wa tatu wakanihamishia hapa Jeddah, duka la mtaa wa Balad, nikadhani nitapumzika. Zulia ni zulia tu.

Kaka yangu Hezron amepiga mara tatu. Kura ni Jumanne ya tarehe 8 na yeye anataka kiti cha wadi yetu ya Namwesi. Onesmo anasema kwao Tanzania huyo anaitwa diwani, na kazi yake ni kuahidi daraja.

Shida ya Hezron ni kijiji kimoja. Nasiondo. Kila akienda kuomba kura wanamuuliza swali moja tu: mwili wa Nekesa uko wapi? Maana yeye ndiye aliyempeleka yule msichana kwa ajenti Nairobi, mwaka wa 2015. Mwezi wa kwanza mwaka huu ikaja habari kwamba ameanguka kutoka paa la nyumba aliyofanyia kazi, Riyadh. Hadi leo hajarudishwa. Mama yake, mama Jerusha, ni jirani yetu. Nimekula kwake utoto wangu wote.

Hezron anataka nirekodi sauti. Niseme nimemwona Nekesa mochari, karatasi zimekwisha, mwili unakuja baada ya kura.

Nikamwambia, mimi niko Jeddah, yeye yuko Riyadh, sijawahi kukanyaga mochari hiyo.

"Kwani nani atajua, Boni?"

Nikasema nitafikiria.


Jumatano, 2 Agosti

Nimerekodi.

Ilikuwa wakati wa swala ya alasiri. Duka limefungwa, mudiri ameenda msikitini. Nikaingia nyuma ya mazulia yaliyosimamishwa, pale sauti haitoki. Mara ya kwanza nilikwama. Mara ya pili ikatoka safi, hata mimi nilishangaa. Mama Jerusha, ni mimi Bonface. Nimemwona Nekesa kwa macho yangu. Karatasi ziko tayari. Amelala vizuri.

Hilo la mwisho Hezron hakuniambia niseme. Nililiongeza mwenyewe.

Sasa niandike ile nyingine, maana sijawahi kuiandika. Mwezi wa kwanza, nikiwa bado Riyadh, Nekesa alinipigia. Adhuhuri. Alikuwa juu ya paa anaanika nguo, anaongea kwa haraka. Hakuomba nimtoroshe. Hakuomba chochote kikubwa. "Anko Boni, njoo tu usimame nje ya geti. Wakuone. Wajue nina mtu." Nikamwambia Ijumaa nitakuja. Ijumaa ikafika nikaogopa. Mwanamume mgeni anasimama nje ya nyumba ya mtu kwa sababu ya mfanyakazi wa kike – nikaona polisi, nikaona ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inachukuliwa. Nikalala. Nikajiambia Ijumaa ijayo.

Wiki mbili baadaye ikaja ile habari.


Jumamosi, 5 Agosti

Vijana wa Hezron wametuma video. Uwanja wa shule ya Nasiondo, watu wamejaa. Spika mbili zimefungwa juu ya pikapu. Halafu naisikia sauti yangu! Kubwa, inarudi kutoka kwenye ukuta wa madarasa. Amelala vizuri... vizuri... Mama Jerusha yuko mbele, ameketi kwenye nyasi. Anajifunika leso kichwani. Wanawake wanamshika. Kisha watu wote wanapiga makofi, na Hezron anachukua maikrofoni.

Onesmo alikuwa nyuma yangu. "Bwana wee, umekuwa redio! Mkenya mzima unasikika mpaka kwa mbuzi."

Akaona sicheki. Akaniachia chai yake akatoka.

Nimeitazama mara tisa au kumi. Sitazami watu. Naitazama ile spika.

Jioni nikatafuta jina la Nekesa kwenye simu. Bado lipo, na picha yake bado ipo – amevaa sweta ya kijani, anacheka. Nikamwandikia: Nisamehe. Nilijua hakuna wa kusoma. Ikaweka alama mbili za kijivu. Maana yake simu hiyo imewashwa mahali fulani.

Mtu anayo. Najua ni mtu tu. Lakini nimeigeuza simu kifudifudi.


Jumapili, 6 Agosti

Mama Jerusha amepiga mwenyewe, kwa simu ya mtoto wa jirani. Akanishukuru. Akaniombea. Halafu akauliza kama amenenepa au amekonda. Anataka kumshonea gauni na fundi anataka kipimo.

Akadhani mtandao umepotea, akaita, Boni? Boni?

Nikasema amekonda kidogo.

"Basi nitapunguza kiunoni," akasema.


Jumanne, 8 Agosti

Wanapiga kura. Saa yetu na ya nyumbani ni moja, kwa hiyo kila nikiangalia ukutani najua wanafanya nini. Saa kumi na mbili asubuhi vituo vimefunguliwa. Saa tatu, mimi niko juu ya ngazi Balad, Hezron ananiandikia: mama Jerusha alikuwa wa pili kwenye foleni, alifika na giza.

Adhuhuri nikaangalia ule ujumbe wa Nisamehe.

Alama zimekuwa za buluu. Umesomwa.


Alhamisi, 10 Agosti

Hezron ameshinda!

Kaka yangu ni mwakilishi wa wadi. Sisi watoto wa yule mzee wa kuchimba mawe. Simu haijanyamaza. Kila mtu anamwita Mheshimiwa, hata dada yetu aliyekuwa akimwita mwizi wa kuku. Nilicheka. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Nilimnunulia Onesmo kuku wa kukaanga na soda. Akasema, "Ndugu wa diwani, sasa wewe hubebi tena, wewe unabebwa." Akanikalisha kwenye mkokoteni wa mazulia akanisukuma hadi kwenye kona, wauza manukato wanatutazama.

Halafu nikapata matokeo ya kila kituo. Mtu alipiga picha fomu zilizobandikwa milangoni akazituma kwenye kundi la wadi. Nimezinakili hapa, sijui kwa nini. Wadi nzima: Hezron 3,118. Mwalimu Stephen 3,081. Tofauti thelathini na saba.

Shule ya msingi ya Nasiondo: Hezron 214. Mwalimu Stephen 63.

Thelathini na saba. Na Nasiondo peke yake imempa mia moja hamsini na moja zaidi. Mwezi wa saba Hezron mwenyewe aliniambia pale hatapata hata ishirini.

Mwalimu Stephen alinifundisha darasa la sita na la saba. Ndiye aliyenisihi nisiache shule nikiwa kidato cha pili. Tangu mwezi wa pili amekuwa akiandika barua kumtafuta Nekesa – ubalozini, kwa ajenti, kila mahali. Hakuwa na spika. Alikuwa na faili.

Ni mimi niliyemshinda. Si Hezron. Mimi, nyuma ya mazulia.


Jumapili, 13 Agosti

Leo Al-Hamra, kupeleka zulia la sebule. Nyumba kubwa, ukuta mweupe, mlango wa wafanyakazi uko upande. Madam alikuwa anaongea na simu akatuonyesha ngazi kwa kidole. Tulipokwisha kulitandika, yule dada wa kazi akatuletea maji jikoni. Mkenya. Jina lake Roselyne, wa Kitale. Hana ruhusa ya simu ila Ijumaa, nusu saa.

Akaniuliza kwa sauti ya chini nani ameshinda kwao. Nikamwambia ninavyojua. Nilipoongea akaacha kumimina. Akanitazama.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote." Kisha akashika mdomo. "Wewe ndiye wa ile sauti. Wewe ndiye ulimwona Nekesa."

Ile rekodi imezunguka. Wasichana wametumiana Riyadh, Dammam, hadi hapa. Roselyne na Nekesa walilala chumba kimoja Nairobi wiki sita, wakifundishwa kutumia mashine ya kufulia. Akauliza uso ulikuwaje. Akauliza kama bado alikuwa na ile alama ya kuungua hapa, chini ya sikio, walipokuwa wakichomana nywele na kitana cha moto wakicheka kama wajinga.

Onesmo alikuwa mlangoni. Alinitazama pia.

Nikasema sikuangalia sikio.

"Ulimwona uso, na hukuona sikio?"

Madam akaita. Roselyne akachukua glasi kutoka mkononi mwangu, maji yakiwa bado nusu.

Ndani ya gari, kwenye taa za barabara ya pwani, Onesmo akanigeukia. Kisha: "Hukumwona, eh?" Nikasema hapana. Akawasha redio. Akaizima. "Aisee," akasema. Basi.


Jumatano, 16 Agosti

Hakuna kitu. Mazulia. Kila nikipita chini ya nyumba zile za zamani zenye madirisha ya mbao naona nguo zimeanikwa juu, nainamisha kichwa. Onesmo anasema natembea kama mtu anayetafuta sarafu.


Ijumaa, 18 Agosti

Mheshimiwa amepiga. Amekuwa na sauti ya mkutano hata kwa ndugu yake.

Wazee wa Nasiondo wamechoka kungoja. Walimwendea kumuuliza, ulisema baada ya kura, kura imekwisha. Basi amewapangia siku. Jumatano tarehe 23 wachimbe kaburi. Ataleta hema, viti, ng'ombe mmoja.

Nikamuuliza, wachimbe wamweke nani?

Halafu akaniambia kama anayemweleza mtoto. Asubuhi wanachimba. Jioni atawapigia kutoka Nairobi aseme ndege imekwama, karatasi zimekwama. Na mimi najua mila yetu. Kaburi likishachimbwa halilali tupu. Jua likizama bila mwili, linalazwa shina la mgomba, linafunikwa nguo, watu wanalia kama wanavyomlilia mtu. Na hapo imekwisha. Aliyezikwa kwa mgomba amezikwa. Hakuna anayemtafuta tena, na hata mwili ukija baadaye hauingii kwenye lile boma. Watu wetu wanaogopa hilo kuliko radi.

"Wapumzike, Boni. Na wewe upumzike. Halas, si ndivyo mnavyosema huko?"

Nikamwambia, na yeye je? Abaki huku kwenye friji?

"Yeye hajui."

Nimeketi hapa kitandani na neno hilo. Yeye hajui. Mbona alama zilikuwa za buluu?


Jumapili, 20 Agosti

Nimemwandikia mwalimu Stephen. Imenichukua asubuhi nzima kuandika mistari miwili. Mwalimu, sikumwona Nekesa. Nilidanganya ili kaka ashinde.

Alisoma. Kisha picha zikaanza kuingia, moja moja. Kitambulisho cha mama Jerusha. Pasipoti ya Nekesa. Barua ya familia yenye muhuri wa chifu, nafasi ya jina la mpokeaji imeachwa wazi. Barua ya hospitali ya Riyadh, na juu yake namba ya mwili imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Anayo tangu mwezi wa tano! Alichokosa ni mtu mmoja tu wa kwenda kumtambua.

Mwisho akaandika: Jaza jina lako. Na mama yake umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea.

Nimemwomba mudiri siku tatu. Mafi, hakuna. Hajj imekaribia, wageni wanajaa, mazulia yanatakiwa. Nikasema nina msiba. Akasema msiba wa mwezi wa kwanza si msiba. Nikitoka bila ruhusa ataniripoti kwa kafili, mdhamini wangu, kuwa nimetoroka, na mtoro huku hana ikama, hana mshahara, hana pa kusimama.


Jumatatu, 21 Agosti

Naandika nikiwa stesheni ya basi. Onesmo amenisindikiza na mkoba wangu begani mwake. Amesema atamwambia mudiri naharisha, na kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza, hatathubutu kuja chumbani. "Siku mbili nitakushikia, Mkenya. Ya tatu sijui."

Nimeshikilia simu tangu asubuhi. Nimetafuta namba ya mama Jerusha mara nne. Sijabonyeza.


Jumanne, 22 Agosti

Riyadh. Julius, dereva niliyeishi naye zamani, amenipokea. Ananisikiliza huku anaendesha, hajauliza maswali mengi. Ofisi ya mochari imesema tuje kesho asubuhi na karatasi zilizochapishwa. Tumechapisha.

Halafu nikamwambia anipeleke kwenye ile nyumba. Anuani ninayo, Nekesa aliniandikia wakati ule. Julius akasema, wewe umerogwa? Akanipeleka.

Geti la kahawia. Miti miwili midogo. Ni nyumba tu. Nimekuwa nikiiona kichwani miezi saba, nikaiweka ghorofa nne na vyuma madirishani. Ni ghorofa mbili. Mtu angeweza kupiga kelele na mtaa mzima ukasikia.

Nikasimama nje ya geti. Saa sita na nusu, jua la kupasua mawe. Julius alikuwa kwenye gari, injini inanguruma. Hakuna aliyekuja. Gari moja lilipita likapunguza mwendo likaenda. Sikukamatwa. Hakuna kilichotokea kabisa. Ningeweza kusimama hivi hivi ile Ijumaa.

Nikainua kichwa. Juu ya paa kulikuwa na msichana anaanika nguo.

Nilitaka kukimbia. Kisha akageuka, nikaona ni mwingine, mfupi, labda Mganda. Alikuwa na simu mkononi. Tulitazamana. Labda simu ni ile, wamempa. Labda ndiye aliyesoma Nisamehe akadhani ni yake. Hakupunga mkono wala hakuondoka. Alining'iniza shuka, akalisogeza kando ili aendelee kuniona.

Nikasimama hadi alipomaliza kikapu chote.


Jumatano, 23 Agosti

Saa mbili na robo asubuhi. Benchi la chuma, ofisi ya mochari. Julius yuko nje na gari. Karani ni Msudani mzee, amesoma karatasi zote polepole, amelinganisha namba. Akauliza kwa Kiarabu mimi ni nani wake. Nimejifunza Kiarabu cha kubeba vitu, si cha haya. Nikasema, mimi ni mtu wake. Akaandika kitu. Akasema ningoje.

Kuna baridi hapa. Miaka minne na nusu sijasikia baridi ya namna hii.

Kule wameanza. Vijana wa Hezron wametuma picha: hema, viti vya plastiki, vijana wanne wamevua mashati, udongo mwekundu. Nyuma yao gauni limetundikwa kwenye hanga mlangoni kwa mama Jerusha. La buluu. Limepunguzwa kiunoni.

Kando ya nyumba naona kichaka cha migomba. Mmoja tayari umewekwa alama ya chaki.

Saa mbili na nusu. Mama Jerusha amepiga. Sikupokea.

Amepiga tena. Nimepokea. Alikuwa na furaha, anaongea juu ya kelele za watu. "Boni, wamefika magotini! Ndege inatua saa ngapi?"

Nikasema, mama, hakuna ndege. Nikasema sikumwona. Siku ile sikumwona, nilikuwa Jeddah, nilidanganya. Sijui kama amekonda. Nikasema sasa niko mlangoni, sasa ndiyo naingia, waambie wangoje, wasichimbe hata jembe moja zaidi.

Hakulia. Nilitoa simu sikioni nikaangalia. Hajakata. Sekunde zinakwenda.

Nimeiweka hapa kwenye benchi, juu ya barua, naandika tu maana sijui nifanye nini na mikono. Nasikia majembe yao. Tap. Tap. Mtu anacheka mbali.

Sasa nasikia sauti yake, si kwangu, kwa wale vijana. Neno moja, sikulishika.

Majembe yamenyamaza.

Msudani amerudi. Ana funguo na barakoa mbili, ananipa moja. Anaonyesha simu kwa kidole – hairuhusiwi. Nimemwambia ni mama yake. Ananitazama. Anaitazama simu, sekunde bado zinakwenda.

Alama ya kuungua, chini ya sikio. Roselyne hakusema sikio lipi.

Amefungua mlango.